Posa ya Heru Juu na Injini Isiyozimwa

Wenzangu wa gereji mnauliza injini imerudi vipi. Wenzangu wa kwaya mnauliza mke amepatikana au hakupatikana. Nimechoka kusimulia vipande, hapa nusu na pale nusu, kwa hiyo naandika yote mara moja. Kila mtu atapata lake humu, ila itabidi asome na la mwenzake.

Kwa kifupi, marehemu kaka yangu aliacha mtoto mmoja wa kiume, Erasto, ambaye ni mwalimu wa sekondari Kibondo. Erasto amempenda msichana wa Heru Juu, nje kidogo ya mji wa Kasulu, anaitwa Vestina. Mwaka jana alipeleka posa kwao ikakataliwa. Baba wa msichana alisema wageni wale walikuja kwa haraka wakaondoka kwa haraka, na yeye hana binti wa kuokotwa njiani. Alibembelezwa sana hadi akakubali kusikiliza mara ya pili, kwa sharti kwamba aje mtu mzima wa ukoo, na akaongeza kwamba mara ya tatu haitakuwepo. Vestina naye alimwambia Erasto wazi kwamba anampenda, lakini hataolewa huku baba yake amegeuza uso. Mtu mzima wa ukoo aliyebaki ni mimi, shangazi.

Mume wangu alishauri nipande basi. Nilimwambia posa ya mtoto wa kaka yangu siendi nayo nikiwa nimebanwa na ndoo za watu. Nikachukua gari langu la bluu, lile lenye pua ya kuvuta hewa juu ya boneti.

Dodoma hadi Nzega

Wa gereji rukeni aya hii. Kwa wale wa kwaya: gari langu lina turbo. Turbo ni pangaboi dogo linalozungushwa na moshi wa injini yenyewe, nalo linasukuma hewa nyingi ndani ili injini iwe na nguvu kuliko umbo lake. Nguvu hiyo inakuja na moto. Ukilikamua gari mlimani, chuma cha turbo kinaiva hadi kinakuwa chekundu, na kinachokiokoa ni oili inayopita katikati yake bila kukoma. Ukizima injini ghafla, oili inasimama pale pale, inaungua na kuganda kama ukoko wa sufuria, na siku si nyingi turbo imekwisha. Kwa hiyo unaendesha kwa upole kilomita za mwisho, au ukishafika unaiacha injini ingurume taratibu dakika moja mbili, moto upungue, ndipo unazima. Ni hivyo tu. Nimelieleza jambo hili miaka na miaka, na bado mume wangu anazima kabla hajavuta breki ya mkono. Ndiyo maana hapewi funguo.

Singida nilisimama kula. Nilikuwa nimetoka kupita malori kadhaa mfululizo, gari lilikuwa la moto, nikabaki ndani nikiiacha injini ipumue mbele ya mgahawa. Mwenye mgahawa alinitazama mara mbili. Kabla sijazima alikuja dirishani na kuku wa kienyeji kwenye mfuko, ugali kwenye mfuko mwingine, na mchuzi umefungwa fundo.

"Sijaagiza, dada."

"Si una haraka? Nimeona huzimi, nikasema huyu mama atalala na njaa njiani. Chukua."

Nilikula kuku mzuri kuliko wote wa mwaka huu juu ya usukani, kwa mkono mmoja, huku meza za watu ziko wazi. Mchuzi ulimwagika kwenye gia. Nilicheka, nikaendelea na safari, wala sikutilia maanani kwamba kuna mtu ameona gari linanguruma akaelewa jambo lake mwenyewe.

Nzega hadi Nyakanazi

Huku ni kwa malori. Yanakwenda Rwanda na Burundi yamejaa, na kwenye kila kilima yanapanda kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia. Gari la kawaida likikaa nyuma ya lori halina shida. Langu lina shida, kwa sababu hewa ya kupoza injini inatoka mbele, na nyuma ya lori hewa hiyo ni moshi na joto la tairi. Kile kirejeta kidogo cha kupoza hewa ya turbo, kinachokaa juu ya injini chini ya ile pua ya boneti, kikishapata joto la namna hiyo hakipoi upesi. Ukitaka kulipita lori unakanyaga, na ukikanyaga unaongeza moto. Niliamua kukanyaga kwa kidole gumba tu na kuvumilia.

Petroli nayo. Kadiri unavyokwenda ndivyo inavyokuwa ya kubahatisha, na petroli mbaya inaifanya injini igonge ndani na kuchemka. Kahama nilijaza tangi hadi shingoni. Kijana wa pampu alinitaka nizime mara tu ninapoingia, na hapo yeye ana haki, kwa hiyo nilikwenda kusimama mbali, pembeni mwa uzio, nikapoza kwanza. Mlinzi akanifuata kuuliza namvizia nani.

Nililala Nyakanazi katika chumba chenye kitanda kizuri na bomba lisilo na maji. Sikuwa na la kulalamikia, injini ilikuwa na maji yake.

Nyakanazi hadi Kibondo

Baada ya Nyakanazi nchi inaanza kuinuka, hewa inakuwa nyepesi, na mashamba ya mihogo na maharage yanashuka hadi barabarani. Lori la mbao lilikuwa limekata ekseli katikati ya njia na foleni ilikuwa ndefu. Tulisogea hatua chache, tukasimama, tukasogea tena. Kusogea namna hiyo ndiko kunakoua magari ya turbo, maana moto unabaki chini ya boneti hauna pa kwenda. Mshale wa joto ulipoanza kupanda niliwasha hita hadi mwisho, na feni ya ndani kwa nguvu zote. Hita inavuta joto la injini na kulileta kwa abiria. Ni rejeta ya pili, ila inayopozwa ni injini na anayechemka ni wewe.

Hapo mama mmoja wa Gwarama aliyekuwa na kapu la ndizi mbivu aliomba lifti hadi Kakonko. Nilimpakia. Jua lilikuwa la mchana. Alilegeza kitenge, kisha akaweka kiganja kwenye tundu la hewa.

"Mama, gari yako inaumwa homa?"

Nilimweleza kwamba hewa hii ya moto ingebaki kwenye injini ingeiharibu, kwa hiyo tunaipunguzia.

"Ego," akaitikia kwa Kiha. "Kumbe sisi tunaugua, yenyewe inapona."

Alikaa mpaka Kakonko akijipepea kwa kandambili. Aliposhuka aliniachia chane moja ya ndizi, zimeivishwa zaidi na safari.

Kibondo nilifika jioni jua likiwa bado lipo. Erasto amekuwa marehemu baba yake mtupu: ile shingo, na ule ukimya kabla ya kujibu. Nilimkumbatia nikalia kidogo, halafu tukala. Ugali wa muhogo, samaki wa migebuka waliopikwa kwa mawese, na kisamvu. Pembeni alikuwepo mshenga wetu, Bwana Salehe, muuza vitambaa pale mjini, mzaliwa wa Pangani ambaye amekaa Kibondo hadi anaota kwa Kiha lakini hajaacha kanzu wala kofia ya mkono. Ndiye anayejulikana na wazee wa pande zote, ndiyo maana alichaguliwa.

Asubuhi nilipoamka gari lilikuwa linang'aa. Erasto alikuwa amelipeleka kuoshwa kwa mashine ya maji, kwa heshima ya wakwe. Matope yote yalikuwa yametoka, hata yale ya mbele kwenye rejeta. Nilimshukuru. Nilipaswa kuinama nitazame, sikuinama.

Kibondo hadi Kasulu

Nilianza kuona mambo tulipopanda kilima cha kwanza cha maana. Mshale ulipanda mapema kuliko kawaida yake. Nilipunguza mwendo, ukashuka kwa shingo upande. Kilima cha pili, hivyo hivyo. Nikasimama, nikafungua boneti, nikachungulia mbele.

Wa gereji mtaumia moyo. Yule muoshaji alikuwa ameisogeza mashine karibu kabisa na rejeta, akaipiga maji kwa ubavu. Mapezi ya rejeta, vile vijisahani vyembamba ambamo hewa inapita, yalikuwa yamelala yote upande mmoja. Upande wa kulia ulikuwa umezibika kama ukuta.

"Kuna nini, shangazi?" Erasto akauliza.

"Gari limevaa suti," nikamwambia, "sasa haliwezi kupumua."

Hakukuwa na la kufanya pale njiani. Wakwe walikuwa wanatungoja siku ile ile. Nikawasha hita. Bwana Salehe alikuwa mbele na kanzu yake nyeupe iliyopigwa pasi. Baada ya muda aliivuta kofia, akaitazama kwa ndani, akaivaa tena.

"Bi Tekla, mimi nimezaliwa pwani, joto nalijua. Hili si joto, hili ni adhabu. Tumemkosea nani?"

"Vumilia, bwana, ni mlima huu tu."

"Umesema hivyo milima mitatu iliyopita."

Ili tusahau jasho akatusimulia ya mwaka jana kwa urefu, mambo ambayo Erasto alinifupishia kwenye simu. Wale wajumbe wa kwanza walikuwa rafiki zake Erasto na mjomba mmoja. Walikodi gari ambalo dereva wake alikuwa na kazi nyingine Kasulu, hakutaka kuchelewa. Wakashuka, dereva akabaki ndani, injini inanguruma. Posa ikasemwa watu wamesimama, kila mmoja akichungulia nyuma. Mzee Bernado, baba wa Vestina, hakuwajibu hata neno la ndiyo au hapana. Aliwatakia safari njema.

Nilisikiliza yote hayo macho yangu yako kwenye mshale. Nilijua habari za haraka yao. Habari ya gari lao kutozimwa ilipita masikioni mwangu na kutoka.

Kasulu hadi Heru Juu

Nyumba ya Mzee Bernado iko juu ya kilima, na kipande cha mwisho ndicho kibaya kuliko vyote. Udongo mwekundu, mifereji iliyochimbwa na mvua, na mwinuko ambao bodaboda wanashusha abiria wao. Ile dawa ya kuendesha kwa upole mwishoni haikuwezekana. Niliweka gia ya kwanza, nikakanyaga, turbo ikalia, tukapanda gari likiyumba, tukaingia uani mshale ukiwa juu kabisa, kidogo tu kabla ya pale pa hatari.

Watu walikuwa wamejipanga. Akina mama wenye vitenge vya sare upande mmoja, wanaume upande mwingine, na katikati mzee mrefu mwenye koti jeusi na fimbo, ambaye hakuhitaji kutambulishwa. Viti vilikuwa vimepangwa mbele ya mlango.

Katika msafara wa posa mkubwa ndiye hushuka kwanza. Wengine hawafungui mlango kabla yake. Kwa hiyo wote watatu tulikaa ndani, hita imewaka, vioo juu kwa sababu ya vumbi, injini inanguruma.

"Shuka, Bi Tekla," Salehe akaninong'oneza. "Wanakungoja wewe."

"Dakika moja tu. Ikipoa."

"Shangazi, tafadhali," Erasto akasema kutoka nyuma.

"Nikizima sasa inaungua. Dakika moja."

Niliwapungia mkono wenyeji kupitia kioo. Nikatabasamu. Naona sasa kwamba tabasamu lile ndilo lililoharibu kabisa. Mzee Bernado alitazama boneti inayotetemeka, akanitazama mimi, akasema neno moja kwa waliokuwa karibu naye, akageuka, akaingia ndani. Wanaume wakaanza kuchukua viti kimoja kimoja wakavirudisha.

Nikazima hapo hapo, nikaruka chini. Mama wa Vestina alikuwa ameshafika kwenye mlango wa gari, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini.

"Murakoze, asanteni kuja," akasema. "Mzee anawatakia safari njema."

"Mama, hatujasema neno. Ndiyo kwanza nashuka."

"Ameona. Gari linanguruma na miguu yenu iko ndani. Anasema ni kama wale wa mwaka jana, tofauti ni kwamba wale walishuka."

Nilimweleza kuhusu turbo. Fikirini, nimesimama kwenye ua wa wakwe natokwa jasho usoni, naeleza habari za oili. Alinisikiliza kwa adabu yote. Kisha akasema, "Ego, mama," kama anavyoambiwa mgonjwa, akaingia naye. Mlango ukafungwa. Mlango wa ukweni ukifungwa mgeni habishi hodi.

Tuliteremka kilima kile. Tulipofika mjini Kasulu, Erasto alifungua mdomo mara moja tu.

"Shangazi, hivi kati yangu na hiyo turbo..."

Nilikasirika, halafu nikaona aibu, halafu nikakasirika tena kwa sababu nilijua nilichokisema kuhusu injini kilikuwa kweli. Ilikuwa kweli isiyo na faida kwa mtu yeyote aliyekuwa pale uani.

Kasulu, siku ya kitana

Asubuhi Bwana Salehe alipanda bodaboda peke yake kwenda kuomba radhi. Hiyo ndiyo kazi ya mshenga, na hakutaka nimfuate. Erasto alikwenda kukaa kanisani. Mimi nilinunua kitana cha plastiki chenye meno membamba na kisu kidogo cha mezani, nikaweka kigoda mbele ya gari, pale nje ya nyumba ya wageni, nikaanza kunyoosha mapezi ya rejeta moja baada ya jingine.

Ni kazi ya taratibu mno. Unaingiza jino la kitana, unainua, unasogea. Ukilazimisha unatoboa. Watu wa Kasulu wana adabu lakini nao wana macho.

"Mwakeye, mama. Unalisuka?" akanisalimu na kuuliza baba mmoja mwenye baiskeli ya mihogo.

"Nalichana kwanza."

"Litapendeza," akasema, akaondoka zake bila kucheka. Aliporudi baada ya kuuza mihogo alisimama tena kuangalia nimefika wapi, akanionyesha kwa kidole sehemu niliyoruka.

Nilikuwa na muda wa kufikiri, na sikufurahia nilichofikiri. Injini ile niliijenga upya na fundi wangu Dodoma, kipande kwa kipande, na turbo yake haipatikani Kasulu wala Kigoma. Ikifa njiani nitavutwa kwa kamba hadi nyumbani. Upande mwingine kulikuwa na kijana wa miaka thelathini kwenye benchi la kanisa. Ukiviandika hivi kwenye karatasi jibu ni rahisi. Mkono ulio kwenye funguo hausomi karatasi.

Salehe alirudi mchana, kanzu imejaa vumbi jekundu hadi kiunoni. Aliomba maji, akanywa, akaketi kwenye kizingiti.

"Amekubali tuje kesho," akasema. "Nilimkumbusha kwamba posa haijasemwa. Kama haijasemwa haijakataliwa, na hii bado ni mara ya pili. Alicheka kidogo kwa pua."

"Alikasirika sana?"

"Hakukasirika, Bi Tekla. Aliogopa. Mama yake Vestina ndiye amenieleza." Akashusha sauti. "Mzee alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa kijana mdogo. Leo ni raia, ana shamba, ana wajukuu. Lakini zamani walihamishwa na kuhamishwa, na kila mara lilikuja lori, na dereva hakuzima. Pandeni upesi, pandeni upesi. Safari moja lori liliondoka mdogo wake akiwa bado chini anafunga mzigo. Ilipita miaka mingi kabla hawajaonana tena. Mpaka leo gari likinguruma uani kwake anajua kuna mtu anachukuliwa. Na wewe umekuja kumwomba binti."

Niliweka kitana chini. Niliumia, nasema wazi, na nilimwonea huruma mzee ambaye jana yake nilikuwa nimemwita mkorofi moyoni.

"Basi kesho nitazima," nikasema. "Nikifika tu, nazima."

"Na turbo yako?"

"Labda itavumilia. Labda itakufa turudi tunatoa moshi wa bluu. Wewe ulimwambia nini Mzee?"

Bwana Salehe alijipangusa vumbi kwenye mikono. "Maneno ya mshenga, mama, hayarudi na mshenga," akasema, akaenda kuoga.

Heru Juu tena

Tuliondoka asubuhi hewa ikiwa baridi. Mapezi yalikuwa yamenyooka, si yote, lakini mengi. Nilisimama chini ya kilima nikaacha injini ipoe nilivyoweza, ingawa nilijua kile kipande cha mwisho kingeirudisha pale pale. Erasto alikuwa amevaa shati jipya. Alinigusa bega kutoka nyuma, akasema, "Shangazi, asante," nikamwambia asinilize kabla ya mlima.

Gia ya kwanza. Turbo ikalia kama juzi. Mashimo yalikuwa yale yale, nami nilikuwa nimeyakariri, ila gari lilitaka nguvu zile zile. Tulipotokeza uani mshale haukuwa juu kama siku ile, lakini chini ya boneti najua kulikuwa kunawaka. Niliona koti jeusi. Niliona watu. Sikuangalia kingine. Nikasimama, nikavuta breki ya mkono, nikazungusha funguo.

Chuma kilianza kugonga ndani, ti, ti, ti. Kila mlio niliuhesabu kuwa wangu. Nikafungua mlango nikashuka, nikamwinamia Mzee Bernado kwa heshima.

"Mbona umezima?" akasema.

"Nimekuja kukaa, Mzee."

"Mshenga ametuambia likipanda mlima linapumua kwanza, ndipo linazimwa. Ametuambia ukilizima mbio linaumia. Ni uongo?"

"Si uongo, Mzee."

"Basi washa."

Hapo ndipo nilipoona viti. Havikuwa mbele ya mlango kama juzi. Vilikuwa vimepangwa nusu duara katikati ya ua, vyote vikiitazama pua ya gari langu, na akina mama wameshatandika mikeka pembeni. Nilimgeukia Bwana Salehe. Alikuwa anaikagua kofia yake kama mtu aliyeinunua leo.

Nilirudi ndani nikawasha. Injini ikashika, ikanguruma bila moshi wa bluu, ikatulia kwenye sauti yake ya chini. Kwenye sauti ile niliona vidole vya Mzee vikikaza fimbo. Mke wake alimshika kiwiko. Mzee akaenda kuketi kiti cha mbele kabisa, kile kilicho karibu na moto kuliko vyote, akatuonyesha sisi watatu viti vya mkabala.

"Semeni neno lenu," akasema.

"Hapa hapa, Mzee?" Salehe akauliza.

"Hapa. Mimi sitaki kungojea vitu viwili, gari kisha neno."

Posa ile ilisemwa hivyo, kwa sauti ya kupanda ili isimezwe na injini. Salehe alieleza tumetoka wapi na tunatafuta nini, kwa Kiswahili chake cha pwani, na mama wa Vestina alikuwa akiwageuzia wazee kwa lugha yao kila alipofika kwenye nukta. Kisha zamu yangu ikafika. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri tangu Dodoma, nikayasahau yote. Nilisema tu kwamba baba wa kijana huyu amefariki, kwamba angekuwepo angekuja mwenyewe, na kwamba mimi ni dada yake na nitakuwa narudi hapa kila nitakapohitajika, kwa heri na kwa shida.

Vestina akaitwa. Alitoka akiwa amefunika kichwa kwa mtandio wa njano.

"Unawafahamu wageni hawa?" baba yake akamuuliza.

"Ego, baba. Nawafahamu."

"Watakuchukua wakupeleke wapi?"

Nadhani swali hilo halimo katika desturi, maana wazee waligeuka kumtazama.

"Kibondo, baba. Nitakuwa nakuja."

Mzee Bernado aliinamisha kichwa. Injini iliendelea na kazi yake katikati yetu. Muda wa kupoa ulikuwa umepita zamani, mimi nilijua, lakini nisingeinuka kwa lolote. Mwishowe mzee alijiinua kwa fimbo yake, akalikaribia gari, akaweka kiganja juu ya boneti. Alikiacha pale kwa muda, watu wote wakimwangalia.

"Limetulia," akasema. Kisha akanigeukia, macho yake yamelowa wala hakuyaficha. "Haya, zima, shangazi yetu. Tuingie ndani, tule."

Nikaingiza mkono dirishani, nikazima.